Njia Rahisi Sana ya Bi Mwanamkuu

Bi Mwanamkuu binti Hamza wa Chole, Kisarawe, alijulikana kwa msonyo wake kabla ya kujulikana kwa mihogo yake. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuanza taratibu na kuishia mbali, na hakuuficha mbele ya mtu. Alimsonya mchuuzi wa dawa za minyoo aliyekuja na kipaza sauti. Aliwasonya wagombea udiwani wote, wa chama hiki na wa kile, bila upendeleo. Hata mkwewe aliyemletea blenda ya zawadi, nyumbani kusikofika umeme, aliondoka na msonyo wake.

Lakini miaka hii miwili msonyo wake ulikuwa umepata makazi ya kudumu kwa watu wanaotembea bure. Walikuja Jumamosi moja moja kwa Coaster ya kukodi kutoka Kwa Mathias, Kibaha. Walikuwa watu thelathini hivi, wafanyakazi wa maofisini na wastaafu, wote ndani ya fulana za njano, kila mmoja na chupa yake ya maji kana kwamba Chole hakuna visima. Wakishuka wanashika viuno, wananyoosha miguu, wanapigana picha. Halafu wanatembea kilomita tano kando ya mto, wanageuza, wanarudi palepale walipoliacha gari. Hawana mzigo, hawana mgonjwa wa kumjulia hali, hawana msiba. Bi Mwanamkuu alikuwa na miaka sitini na sita, na tangu azaliwe alijua kwamba mtu anayekwenda mahali pasipo na shughuli na kurudi mikono mitupu, ndugu zake humtafutia mganga.

Mkubwa wao aliitwa Ponsiano, karani mstaafu wa ofisi moja ya serikali huko Kibaha. Kustaafu hakukumtoa ukarani. Alikuwa na kopo la rangi ya njano na brashi, akichora mishale kwenye miti, na kila njia aliyoipita aliiandikia maelezo kwenye simu: urefu wake, kivuli chake, mahali pa kupumzika, na kama ni ngumu au rahisi. Kijiji cha Dutumi alikwisha kukimaliza, njia tatu nzima. Sasa ilikuwa zamu ya Chole.

Maelezo hayo Bi Mwanamkuu alisomewa na binti yake Kudra, aliyeishi nyumba ya pili. Njia ya mto, Chole, Kudra alisoma, kilomita tano, rahisi sana, inafaa kwa wazee, watoto na wasio na mazoezi. Bi Mwanamkuu akaacha kumenya muhogo. Alimwambia binti yake arudie hapo penye rahisi sana, na Kudra akarudia.

Njia hiyo aliipita kwa miaka arobaini na saba. Aliipita na ndoo kichwani, na magunia ya korosho, na mimba nne. Aliipita usiku wa masika akiwa na mtoto wake wa pili mgongoni, anatetemeka kwa degedege, na asubuhi akarudi naye kutoka zahanati akiwa amemfunika kanga hadi usoni. Leo mtu wa Kibaha anaipita mara mbili na chupa ya maji, anaiita rahisi sana. Siku hiyo hata kusonya hakusonya. Aliendelea kumenya muhogo, akimenya na nyama ya muhogo pamoja na ganda.

Tena kulikuwa na mumewe, Mzee Mwinyimadi. Enzi zake alikuwa fundi wa vitanda, na vitanda vyake vingi bado vinalaliwa hapo kijijini. Presha ya macho ilimmaliza kidogokidogo, hadi akabakiza uwezo wa kutofautisha mwanga na giza, basi. Watoto walitaka ashikwe mkono. Akakataa katakata. Aliwaweka chini wote, mama yao akiwemo, akawaambia, "Siku mtakayoniona nashikwa mkono kama mtoto wa chekechea, jueni nimekwisha. Mniandalie na sanda."

Kwa hiyo kila adhuhuri, kwa miaka sita, Mzee Mwinyimadi alichukua fimbo yake, akavaa kofia yake ya kufuma, akashika njia ya mto peke yake hadi msikitini, akaswali na wenzake, akarudi. Robo saa kwenda, robo saa kurudi. Kwa macho ya watu lilikuwa jambo dogo. Kwake yeye ndio ulikuwa uanaume wake wote uliobaki, na mkewe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana aliweka majani. Mbele kidogo ya nyumba yao njia ilikuwa panda. Njia ya zamani ilikwenda moja kwa moja hadi mtoni, lakini mvua zilikuwa zimeila kingo, na sasa iliishia hewani, chini yake maji na matete. Njia mpya ilikata kushoto hadi kwenye daraja la miti. Pale pandani, kwenye mdomo wa njia ya zamani, Bi Mwanamkuu alilaza matawi ya mkorosho, akiyabadilisha kila mbuzi walipoyatafuna. Fimbo ya mzee ikigusa majani, yakachakarika, alijua hapa ni kushoto. Hakumwambia kuwa ni yeye anayeyaweka, na mzee naye hakuuliza. Wapita njia wengine walielewa bila kuambiwa, maana majani yakilazwa njiani yana maana moja tu. Hata dereva wa lori lililokufa barabarani hukata matawi, akayalaza nyuma ya gari lake.

Sasa siku moja Ponsiano alimkuta pale, ameinama anapanga matawi mapya. Alikuja na simu mkononi, macho kwenye simu, akasema habari za leo bibi, kisha bila kungoja jibu akauliza haya majani yote hapa njiani ni ya nini.

Bi Mwanamkuu alijinyoosha, akampandisha na kumshusha kwa macho. Mtu mzima mwenye mvi. Mtu aliyepanda mabasi ya barabara ya Morogoro maisha yake yote, aliyekwisha kuona majani barabarani mara elfu, anauliza majani ni ya nini. Tena shikamoo hana, wakati yeye anamzidi si chini ya miaka mitano. Akaona huyu hastahili kufundishwa.

"Takataka tu hizo, mwanangu," alisema.

Ponsiano akashukuru, akaandika kitu kwenye simu, akaenda zake. Bi Mwanamkuu alicheka peke yake hadi nyumbani. Jioni alimsimulia Kudra, na wakacheka wote wawili.

Mwezi haukupita. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi nchi nzima, fulana za njano zilikuja na mifuko, reki na mafagio ya chelewa. Walikuwa wameamua kwamba badala ya kutembea tu, wataisafisha njia wanayoitembelea, na hakuna aliyewaza kumuuliza mwenyeji. Bi Mwanamkuu hakuwaona. Alikuwa amevuka mto tangu alfajiri, yuko shambani. Wakaokota chupa zao wenyewe za safari zilizopita. Wakafyeka nyasi. Walipofika panda wakayazoa majani yote ya mkorosho, wakafagia hadi chini pakawa peupe, wakapiga picha ya pamoja, wakaendelea mbele.

Saa sita na nusu Mzee Mwinyimadi akatoka.

Bi Mwanamkuu aliporudi alikuta uani kwake kumejaa njano. Mumewe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, kanzu imemganda mwilini kwa maji na tope, kifundo cha mguu kimevimba, anapumua kwa kusitasita kwa sababu ya mbavu. Kofia imekwenda na maji, fimbo haikuonekana. Kudra alimweleza mama yake mambo mawili kwa haraka: kwamba baba aliangukia mtoni kwenye njia ya zamani, akashika matete na kuita, na kwamba aliyeruka majini kumtoa ni Ponsiano. Kweli Ponsiano alikuwa amesimama pembeni, maji yanamchuruzika, kiatu kimoja hana.

Pale pale ulimi wa Bi Mwanamkuu ulifunguka. Aliwauliza nani ameondoa majani yake. Aliwaita vipofu wenye macho, watu wazima wanaofundishwa kutembea uzeeni, wavivu waliokosa kazi kwao wakaja kufagia njia za watu. Aliwauliza kama huko Kibaha walikuwa wamezaliwa na mama zao au waliokotwa stendi. Akawarudia mara ya pili. Ndipo mama mmoja kati yao, Eugenia, mwenye mfuko wa takataka bado mkononi, akashindwa kuvumilia. Akasema, "Lakini si bibi mwenyewe ulimwambia Ponsiano kwamba hayo majani ni..."

"Eugenia, acha," Ponsiano alimkatiza. "Kosa ni letu. Tulifagia pasipo petu."

Akamgeukia Bi Mwanamkuu. Aliinamisha kichwa, akasema shikamoo, kisha akaomba radhi.

Bi Mwanamkuu alimtazama mtu huyo aliyelowa, mwenye mguu mmoja peku. Marahaba ilimtoka kwa tabu. Aliona aibu, aibu ya kumchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba karani huyu mjinga alikuwa amemsitiri mbele ya mumewe, na amemsitiri kwa makusudi.

Wiki tatu Mzee Mwinyimadi hakutoka. Zahanati walisema ubavu mmoja umepata ufa, apumzike. Kudra alileta habari kwamba maelezo kwenye simu yamebadilishwa: njia ya mto, Chole, rahisi, ila usiguse majani utakayoyakuta njiani. Majani yalikuwa yamerudi mahali pake siku ileile mzee aliyoanguka.

Ijumaa ya wiki ya nne mzee aliomba kanzu. Kudra alikuwa amemnunulia fimbo mpya. Alikaa barazani ameishika, anaizungusha vidoleni, lakini hakunyanyuka. Mkewe alijua anangoja nini. Anangoja miguu yake imwamini tena, na miguu haikutaka. Akaketi karibu naye, akasema kwa sauti ndogo ambayo kijiji kizima hakikuwahi kuisikia kwake.

"Yale majani nilimwambia mimi kwamba ni takataka. Yule Ponsiano. Aliniuliza, nikamjibu hivyo."

Mzee aliacha kuizungusha fimbo. Adhana ilikuwa imekwisha.

"Kwa nini?" aliuliza.

Bi Mwanamkuu aliitafuta sababu. Miaka arobaini na saba, magunia, mtoto ndani ya kanga, rahisi sana, yote yalimjia na yote hayakutosha. Akataja ile iliyokuwa ya kweli.

"Hakuniamkia."

Mwinyimadi hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliiegemeza fimbo mpya ukutani, akaipapasa kuhakikisha imekaa sawa. Kisha akanyoosha mkono hewani, kiganja wazi, akangoja ashikwe.