Matanga ya Gavana

Baba aliposikia kwamba gavana wake amefariki Uingereza, alitaka tuweke matanga. Tulikuwa tukikaa Rinkeby, mtaa wa wahamiaji huko Uswidi, na habari hiyo nilimletea mimi mwenyewe, baada ya kuiona kwenye mtandao pale maktaba. Laiti ningenyamaza.

Kabla ya uhuru Baba alikuwa mpishi wa mtu huyo. Ukimsikiliza, ungedhani kazi ile ya Mwingereza waliifanya wawili. "Tulianza ubwana shauri, tukitawala wilaya huko bara," alikuwa akisema, "kisha tukapewa ugavana." Bendera iliposhushwa, mwenzake akapelekwa kuwa balozi nchi nyingine. Hapo ndipo ile "tu" ya Baba ilipoishia.

Basi tukaazima viti kwa jirani yetu, mama mmoja Mrundi, nikapika maandazi. Jirani mwingine, Mkongo, alikuja akicheka. "Mzee, vraiment, uko nalilia mukoloni?"

"Namlilia tajiri wangu," Baba akajibu. Alikuwa amevaa koti lake la Krismasi.

Kwetu, wasifu wa marehemu husomwa mbele ya watu, na mwishoni hutajwa aliowaacha, hadi aliyempikia uji alipougua. Anayetajwa husimama apewe pole. Baba aliamini kuwa magazeti ya Waingereza nayo hufanya hivyo. Gavana alipougua malaria, uji wake aliupika yeye.

Nikasoma ile habari ya gazeti niliyoichapisha maktaba, nikitafsiri papo hapo. Shule alizosoma, nishani, vituo vya kazi. Nchi yetu ilipata sentensi moja na nusu. Ukafuata ubalozi, kustaafu, bustani ya mawaridi, mbwa. "Amemwacha mke na watoto," nikasoma, na Baba akasimama, akafunga vifungo vya koti. Hapo habari ikawa imekwisha.

"Umeruka mahali," akasema.

"Sijaruka, Baba."

"Soma tena."

Nikasoma tena tangu mwanzo, naye amesimama vilevile. Nilimchukia yule marehemu, nasema wazi, ingawa mimi hakuwahi kunikosea. Mkongo alikuwa ameacha kucheka, anatazama maandazi. Nilipomaliza mara ya pili, mama Mrundi aliinuka, akamshika Baba mkono. "Pole sana, muzee wetu," akasema. Wengine wakafuata, na Baba akawashukuru kila mmoja, kisha akakaa.

Hakumtaja tena gavana, wala mimi sikumuuliza.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Wasifu wake niliuandika mimi, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, ili wajukuu nao waelewe. Nilimtaja mama Mrundi, nikamtaja Mkongo, nikamtaja nesi aliyekuwa akija kumfunga kidonda cha mguu. Walisimama wote, hata nesi, aliyesukumwa kidogo na binti yangu maana hakujua desturi yetu.

Niliporudi kukaa, Mkongo aliniinamia sikioni. "Gouverneur umemuruka," akanong'ona.

Nikamwambia najua.