Mchi na Betri

Jirani yangu ni mtwangaji, binti wa mtwangaji. Mpunga wa harusi zetu zote umepita mikononi mwake, na tulipokimbia vita mjini kwetu Palma, wenzake walibeba magodoro, yeye mchi. Juzijuzi daktari alimtia betri ya kusawazisha mapigo ya moyo chini ya bega la kushoto, akamkataza kutwanga. Mwanzoni alishinda kashika pale, anasikiliza, na mtu akiugusa mchi wake ananuna.

"Umeme ukikatika je, dada?" tukamchokoza.

"Ninyi ndio mtakaa gizani!"

Leo, mpunga wa harusi ya mjukuu wake umo kinuni. Aliuinua mchi, akautazama, akampa mkamwana wake. Akajivutia ungo.

"Twanga, Zuleica, mimi napepeta. Moyo wangu siku hizi haukosei pigo. Mchi nao usikosee."