Kisu Nilichokikataa

Mama yangu hakunywa pombe wala hakusengenya watu, lakini ugoro alikuwa nao tangu kabla sijazaliwa. Tulipohama Ukambani tukaja kukaa Kisaju, majirani wetu Wamaasai walimfundisha kuuchanganya na magadi ili uwe mkali. Akawa anaubana kati ya shavu na ufizi, upande wa kushoto, hata akipalilia mahindi. Nilizoea kumtania kwamba siku ya kiyama atafufuka na shavu limevimba, naye alicheka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale pa kubania ugoro pakatokea baka jeupe. Halikuuma. Mama akasema magadi yamemchoma, akahamishia ugoro upande wa kulia, akaona ameshajitibu. Baka lilikaa zaidi ya mwaka, kisha katikati likawa jekundu na kingo zake zikawa ngumu. Hapo ndipo nilipompeleka hospitali, Kajiado.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alipapasa shavu kwa ndani, akapapasa shingo, halafu akasema anataka kukata kinyama kidogo, kama punje ya mchele, kikapimwe Nairobi. Mama akaniangalia. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, mimi ndiye niliyesoma. Nikakataa.

Nilikataa kwa sababu kwetu kila mtu alijua kwamba kansa ikiguswa na kisu inakasirika na kusambaa. Mama mmoja aliyeuza mboga Kitengela alikatwa uvimbe wa titi, na mvua zilizofuata hazikumkuta. Hakuna aliyeuliza alikuwa ameukalia uvimbe ule miaka mingapi. Daktari alijaribu kunieleza, nikamwambia hatukuja kufanyiwa majaribio. Niliyasema hayo kifua mbele, na wagonjwa kwenye foleni wakatikisa vichwa kuniunga mkono. Tukarudi nyumbani na dawa ya kusukutua.

Kabla ya mwaka kwisha, mdomo wa mama ulikuwa haufunguki kupitisha kijiko, na chini ya taya palikuwa na tezi ngumu kama kokwa. Tukarudi kwa daktari yule yule. Safari hii alikata, na majibu yakaja: kansa. Hakunigombeza, na hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Alinieleza tukiwa wawili kwenye korido. Chini ya ngozi laini ya mdomo kuna utando mwembamba sana, na seli za ngozi hukaa juu yake zikiwa zimeshikana. Zikiharibika, zinaweza kukaa hapo juu muda mrefu bila kwenda popote. Kisha siku moja baadhi zinaachana na nyingine, zinatoa kitu cha kuyeyusha ule utando, na zinapenya kwenda chini, kwenye misuli, kwenye mfupa wa taya, kwenye mishipa inayozifikisha shingoni.

"Zinatoboa zenyewe," alisema. "Hazingoji kisu."

Nikamuuliza kama siku ile ya kwanza zilikuwa zimeshapita.

"Sasa hatuwezi kujua. Kile kinyama ndicho kingetuambia."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mtu afanye nini akiwa ndiye aliyemzuia fundi mlangoni. Nilijichukia. Nilimchukia pia yule daktari kwa upole wake, na mpaka leo sijaacha kabisa.

Wiki za mwisho mama alilala kwangu Kitengela, nami nikimpa uji mwepesi kwa mrija. Maneno yalimtoka kwa shida, kwa hiyo alichagua machache. Asubuhi moja alisukuma kikombe kando, akanishika mkono.

"Asante vile ulikataa wanikate ile mara ya kwanza," alisema. "Hao wangenimaliza mapema."

"Ni sawa, mama," nikamwambia, nikampangusa kidevu.