Mkono Alioutoa Tadea

Tadea Kapinga wa Mpepai hakuumbiwa kunyamaza. Mumewe Bernadi, enzi za uhai wake, alikuwa akitania kwamba akitaka utulivu huenda kujificha kwenye mibuni, maana nyumbani haupatikani. Bernadi alishafariki, watoto wana familia zao Songea na Njombe, na siku hizi nyumba imetulia mno, hadi Tadea anaichukia.

Chanzo cha mambo haya ni kahawa. Mwezi wa nane mwizi alikomba kahawa yote iliyoanikwa kwenye vichanja viwili nyuma ya nyumba. Tadea akaenda kutoa taarifa kwenye kituo kidogo cha polisi, ambacho sitakitaja, akisindikizwa na Restituta, dada wa marehemu. Restituta ndiye wifi, ndiye jirani, ndiye wa kula naye mchana. Askari wa zamu, kijana mtanashati, akawaambia wakamtafute mwizi wenyewe, wakimpata wamlete.

“Sasa baba, wewe hapa umewekwa ufanye kazi gani?” Tadea akauliza.

Askari akazunguka meza, akamzaba kofi. Mama wa miaka sitini na moja, kofi la kuangusha kilemba. Restituta ndiye aliyekiokota. Mtu mwingine hakuwapo mle ndani.

Wapo watakaosema kofi moja si kitu. Hao hawajapigwa na mtu wa umri wa kitinda mimba wao.

Msaidizi wa kisheria wa kata, Nicholaus, alimsikiliza Tadea mpaka mwisho, kisha akamweleza njia zilizopo. “Unaanza na mkuu wa kituo, mama. Asipokusikiliza, unapanda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, Mbinga mjini. Ukikwama hapo kuna kamanda wa mkoa, na kuna Tume ya Haki za Binadamu, hao unaweza hata kuwaandikia barua. Taja tarehe, saa na namba ya askari. Na shahidi usimpoteze.”

Mkuu wa kituo alisema atamwonya kijana, akaendelea kubofya simu yake. Tadea akapanda gari hadi Mbinga, akaandikisha maelezo, akamtaja Restituta kuwa shahidi. Alirudi nyumbani amechoka lakini moyo mweupe. Jioni ile yeye na wifi yake walikula kwa kicheko, wakimwigiza askari atakavyojiumauma akiulizwa.

Jumapili iliyofuata askari alikuja misani amevaa shati la drafti, akakaa benchi la mbele ya Tadea. Sijui kama alipanga au nafasi ilikosekana kwingine. Padri aliposema tutakiane amani, kijana akageuka, akanyoosha mkono.

Tadea ametoa mkono wakati huo wa misa kwa miaka hamsini, na mkono uliozoea haungoji kuulizwa. Ukaenda wenyewe. “Amani ya Kristo,” akasema askari, na kinywa cha Tadea kikaitikia. Alipozinduka, kijana ameshageukia altare, na nusu ya kanisa imeona.

Huku kwetu watu waliokosana hupatanishwa kwa kushikana mikono mbele ya watu. Wakishashikana, habari imekwisha, na atakayeifufua ndiye huonekana mkosaji. Kabla watu hawajafika majumbani ilishasemwa kwamba Tadea amemsamehe askari. Alipokana, wakasema basi amecheza na misa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Wifi, niliitikia misa tu,” alimwambia Restituta jikoni kwake. “Yule hajaniomba radhi.”

Restituta alikuwa anapepeta maharage, hakuinua macho. “Mlishikana mikono mbele ya altare. Mimi nikasimame Mbinga niseme nini? Nionekane mchonganishi? Mimi ni mtu wa jumuiya, wifi. Usinitie katika hilo.”

“Lakini kofi uliliona.”

“Niliona na mkono pia.”

Tadea alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Tangu siku ile Restituta hakuja kula mchana. Wengine walimsalimu njiani, wakapita upesi. Akipalilia ngoro zake, yale mashimo ya kulimia ya huku kwetu, kule mlimani alisikia wanawake wa mashamba ya jirani wakicheka pamoja, naye akajikuta anapunguza kishindo cha jembe ili asikie wanacheka nini. Iliuma. Iliuma kuliko shavu.

Wiki ya tatu simu ikaita. Ilikuwa Mbinga, koplo aliyeitwa Pankras, mpelelezi wa lalamiko lake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.”

“Mama, shahidi wako amejitoa. Na tunaambiwa mmepatana kanisani. Ukikubali, jalada tunalifunga, kila mtu anaendelea na maisha yake.”

Tadea alitazama njia iendayo kwa Restituta. Alijua neno moja tu, “lifungeni”, lingemrudisha wifi yake mezani kesho yake. Alijua pia nani angekuwa kaunta siku mama mwingine atakapokwenda kushtaki wizi.

“Amani nilimtakia,” akasema. “Hata wewe nakutakia. Lakini alinipiga akiwa kazini, na hilo hajaulizwa. Msilifunge.”

“Utabaki peke yako, mama.”

“Nishabaki.”

Koplo akaanza kumhoji upya, polepole: alisimama wapi, alipigwa kwa mkono upi, kilemba kilikuwa cha rangi gani, alisikia maumivu siku ngapi. Tadea akajibu yote, kwa urefu, kama alivyokuwa akiongea zamani. Alipoambiwa maswali yamekwisha, akatambua kwamba kwa wiki tatu hakuna aliyezungumza naye hivyo.

“Huna jingine la kuuliza, baba?” akasema. “Uliza tu. Nina nafasi.”