Wavu Uligeuka Kosa Wapi?

Juzi dukani Kyela mjini, nikisubiri kupimiwa kilo ya sukari, mvuvi mzee wa Ngonga alimwaga kwenye kaunta maboya yaliyoungua nusu. Wavu wake ulikuwa umechomwa moto kwa kuwa na matundu madogo.

"Niliununua hapa hapa," akamwambia mwenye duka.

"Mimi, baba, nina leseni ya kuuza."

Mzee akamgeukia bwana samaki, ofisa aliyeuchoma, aliyekuwa pale pale na soda yake.

"Kuuza ni ruksa," ofisa akasema. "Kuvulia ndiyo kosa."

"Na kuubeba njiani?"

Akajikuna shingo. "Kuubeba... inategemea."

"Basi nionyeshe, mwanangu, mahali ulipogeuka kuwa kosa. Nikifika hapo nitashuka garini."

Hatukucheka. Kila mmoja alikuwa akipatafuta kichwani. Mimi nilishafika darajani, njia ya Ngonga. Siku hizi kila kitu ruksa, ila hatuambiwi ruksa inaishia wapi.

Mwishowe mzee akaomba wavu mwingine. Wa matundu makubwa soko huria halijatuletea. Uliokuwepo ni wa matundu madogo yale yale, rafu ya juu kabisa, na mwenye duka hakuufikia.

Bwana samaki ni mrefu. Akaweka soda chini, akaushusha, akaufuta vumbi, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.