Nywele Nilizichoma Mimi, Anashtakiwa Wifi Yake

Admin, ficha jina langu na usitaje saluni, Arua hii tunajuana hadi kwa mwendo.

Nina miaka thelathini na nne na watoto wawili. Kwetu ni Koboko, ila huu ni mwaka wa kumi na moja natengeneza nywele hapa Arua, mtaa wa Mvara, katika saluni ya mtu. Nimechoka. Miguu imechoka kwa kusimama, na kwa haya ninayoandika hata roho imechoka.

Nina mteja, nitamwita Mama Neema. Kwa miaka sita hajakaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Nywele zake zilikuwa ndefu, za kwake mwenyewe, na alizipenda kuliko baadhi ya watu wa nyumbani kwake. Mwezi uliopita alikuja asubuhi na wifi yake, dada wa mume, mjane anayeishi kwao na watoto watatu. Walikuwa wanawahi ubatizo. Nikamwosha, nikamweka kwenye draya, umeme ukakatika. Nywele bado zilikuwa mbichi kwa ndani.

Nilijua la kufanya, maana wasichana wa saluni nawafundisha mimi. Nywele zikauke kabisa, zipakwe mafuta ya kukinga joto, na chuma kijaribiwe kwanza kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, unasubiri chuma kipoe. Siku hiyo sikufanya hata moja. Benchi lilikuwa limejaa, na yeye anatazama simu kila dakika. Nikaweka chanuo la zamani la chuma kwenye sigiri ya makaa, likaiva, nikavuta. Nywele zikalia chwaa, moshi ukapanda. Nikamwambia ni mvuke tu. Vipande vikaanguka sakafuni, na wifi yake, kwa wema wake, akafagia, akavifunga kwenye karatasi, akaenda kuvitupa. Alisema hapendi kuona nywele za mtu zikikanyagwa.

Baada ya wiki mbili Mama Neema alirudi amejifunga kitambaa. Alipokifungua nikakaa chini. Mbele kote nywele zilikuwa zimekatika, zimebaki urefu wa kidole. Kabla sijasema kitu akaniuliza, "Dada, siku ile nani ilibeba nywele yangu?"

Nikasema ni wifi yako. Ilikuwa kweli, jamani. Lakini sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Sasa wifi anaitwa mchawi. Eti alizichukua nywele akazifanyia dawa kwa wivu, kwa kuwa yeye mume hana. Akipika, hakuna anayegusa chakula chake, na watoto wake wanakula peke yao jikoni. Jumamosi wazee wa ukoo wao wanakaa kikao Koboko, na shahidi ni mimi. Mama Neema ameniagiza niseme vilevile nilivyomwambia, nisiongeze neno. Wazee wakiamini, mama yule anaondoka na wanawe, na hana pa kwenda.

Nilimweleza mwenye saluni. Akasema nikikubali kosa nisirudi kazini, maana hakuna atakayeketi mahali panapojulikana kuchoma watu vichwa. Mume wangu alikwenda Juba akanyamaza. Kazi yangu ni hii tu, na mikono hii haijui nyingine.

Jana wifi mwenyewe alikuja. Nilidhani amekuja kunitukana, na kwa kweli ningefurahi angenitukana. Alisimama mlangoni, amekonda, akakataa kuketi.

"Dada, mimi hapana jua dawa," akasema. "Mimi ilifagia tu. Utaambia wazee hivyo, mimi ilifagia tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanishukuru. Mimi, akanishukuru, kisha akaenda zake kwa miguu.

Najua mtaniambia nisali. Nimesali. Wengine mtanitukana, na sitawajibu, sina hata nguvu ya kubishana. Yule mama anadhani nikisema alifagia tu, ataokoka. Mimi najua haitoshi, na Mama Neema atakuwa ameketi mbele yangu na kitambaa chake. Nishaurini ndugu zangu, nikisimama pale Jumamosi, neno la kwanza niseme lipi?