Rambirambi za Wageni

Mtaani walimwita Hebungoja, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpa habari njema alisema hebu ngoja. Ukimpa mbaya, hebu ngoja vilevile. Siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amemkubali kijana aliyesimama kando yake, alijibu, "Hebu ngoja," akamgeukia bwana harusi akamtazama usoni kama mtu anayekagua nyanya sokoni, ukumbi mzima umebana pumzi. Kisha akasema amekubali. Mume hakuchukia. Alikuwa fundi wa sofa, mtu mpole wa maneno machache, na uchache wenyewe ulitokana na kazi: kutwa nzima alibana misumari midogo midomoni ili mikono ipate nafasi ya kuvuta kitambaa. "Mdomo wa mume wangu ni stoo," mkewe alizoea kusema. "Ukitaka neno, kwanza atoe mzigo."

Hebungoja alikuwa katika kikundi cha wanawake tisa waliotengeneza sabuni. Chumba chao kilikuwa nyuma ya ghala la zamani, chenye madirisha mapana na sakafu ya saruji iliyong'aa kwa miaka ya mafuta kumwagika. Yeye ndiye aliyekoroga. Kazi ya kukoroga haitaki mtu mwenye haraka: mafuta yakishachanganywa na kostiki, ile dawa kali inayochoma ngozi, unazungusha mwiko upande mmoja tu, taratibu, hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Ukiacha katikati, umeharibu sufuria nzima.

Kikundi kilikuwa na mratibu, mwanamke msomi waliyemwita Madamu. Manukato yake yalitangulia kuingia, yeye akafuata. Ndiye aliyetafuta wafadhili, ndiye aliyejua lugha yao, na wageni walipokuja ndiye aliyekuwa mdomo wa kila mtu. Wageni walikuja mara kwa mara. Hawa wa safari hii walikuwa wanawake pekee, kundi la watu kumi na wawili waliokuwa wakizunguka Afrika kuangalia miradi ya wanawake wanaojikwamua. Walishuka kwenye basi asubuhi wamevaa fulana za kijani zinazofanana, kofia zinazofanana, na tabasamu zinazofanana.

Hebungoja aliwatazama kwa jicho la pembeni huku akizungusha mwiko. Machale yakamcheza.

"Mbona wananiangalia mimi tu?" alimnong'oneza Bi Cheko, aliyekuwa akikata miche ya sabuni kwa waya kwenye meza ya jirani. Bi Cheko alikuwa mjane tangu ujana, mwenye watoto wanne aliowalea peke yake, na hakuna aliyewahi kumwona amenuna.

"Labda umependeza leo."

"Nimevaa aproni ya jana, nina glovu za mpira hadi kwenye kiwiko. Nimependeza wapi?"

Bi Cheko akacheka hadi mche ukakatika upande.

Kweli wageni walipita kwa Bi Cheko wakampungia mkono tu. Walipofika kwa Hebungoja walisimama. Mmoja alimshika bega. Mwingine, mnene mwenye miwani ya jua kichwani, machozi yalimlengalenga. Madamu akasema kwa Kiswahili, "Waambie jina lako na kazi yako."

"Mimi ni mkorogaji wa sabuni," akasema Hebungoja. "Nakaa hapa karibu."

Madamu akageuka kutafsiri. Alitafsiri muda mrefu mno. Alishusha sauti, akaipandisha, akaweka mkono kifuani, akaonyesha ngumi, akatikisa kichwa. Yule mwenye miwani akatoa kitambaa akajifuta.

"Madamu, umesema nini?"

"Nimesema ulichosema."

"Hebu ngoja. Mimi nimesema maneno manne matano, wewe umesema gunia."

"Lugha yao ndefu," akajibu Madamu, na tayari alikuwa anawaelekeza wageni kwenye rafu za sabuni zilizokauka.

Alibaki mgeni mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye nywele fupi nyeupe, na tangu afike hakuwa amepiga picha wala kufungua mdomo. Hebungoja alikuwa amemshuku tangu mwanzo: mtu asiyesema kwenye kundi la wanaosema, ama mgonjwa ama mpelelezi. Yule Mrefu akasogea, akakohoa, na kwa Kiswahili cha kupanga neno moja baada ya jingine akasema, "Pole sana, mama. Pole kwa kufiwa."

Mwiko ukasimama.

"Kufiwa? Nimefiwa na nani?"

Mrefu akaona haya, akidhani amekosea neno. "Na mume wako. Mume wako amekufa. Pole."

Mtu mwingine angecheka. Hebungoja hakucheka. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba watu humficha habari, na sasa kila kitu kikapangika kichwani mwake: ndiyo maana wanamtazama, ndiyo maana yule analia, ndiyo maana Madamu amesema gunia zima kwa sauti ya msiba. Watu wote wamejua, yeye tu bado. Wamemwacha akoroge sabuni kwanza!

Alimkabidhi Mrefu mwiko mkononi. "Upande huu, usisimame," akasema, akatoka mbio, aproni mwilini, glovu mikononi.

Karakana ya mumewe ilikuwa mtaa wa tatu. Njiani watu walimsalimia, na hakuitika hata mmoja. Aliyemtabasamia alimwona anaficha, aliyemkwepa alimwona anajua. Alipofika mlangoni aliona sofa kubwa la watu watatu limepinduliwa kifudifudi, na chini yake imetokeza miguu miwili, viatu vyenye soli aliyoijua, imetulia tuli.

Yowe alilopiga lilitoa watu kwa kinyozi wa ng'ambo.

Miguu ikashtuka. Sofa likatikisika. Fundi akatambaa hadi nje, nywele zimejaa vumbi la sponji, misumari sita imemchomoza midomoni, macho yamemtoka. "Mmm?" akauliza.

"Uko hai!"

"Mmm!"

"Toa misumari useme!"

Akatema misumari kiganjani. "Nani kakwambia sipo hai?"

Akamweleza, akihema, akilia na kumgusa mashavu kwa glovu zenye mafuta. Watu wa kinyozi walikuwa wameshajaa mlangoni, na kabla hajamaliza kueleza, mmoja wao alikuwa ameshapata la kusema: "Marehemu, shikamoo!" Wakaangua kicheko. Jina hilo lilimng'ang'ania fundi kwa muda mrefu.

Lakini fundi hakucheka. Alipopanguza vumbi, uso wake ulikuwa na kitu ambacho mkewe hakuwahi kukiona.

"Hao wageni wananijua?"

"Watakujulia wapi?"

"Basi nani kawaambia nimekufa?"

"Mimi sijui."

"Mtu hazuliwi kifo hivihivi, mama watoto. Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Una mpango gani na mimi?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kwa shaka kutoka upande huo. Hebungoja, aliyezoea kuirusha tu, hakujua namna ya kuidaka. Aliapa. Mume akarudi chini ya sofa.

Aliporudi chumba cha sabuni wageni wengine walikuwa wameondoka kwenda kuona mradi mwingine. Mrefu alikuwa angali palepale anakoroga upande mmoja, jasho linamtiririka, Bi Cheko amemvika aproni. Sufuria ilikuwa imepona. Hebungoja akachukua mwiko wake bila kumshukuru, kwa maana bado hakujua kama amhesabu rafiki au adui, akauliza neno moja moja ili aeleweke: "Mume wangu. Amekufa. Vipi?"

Mrefu alisita. Akamtazama Bi Cheko, akamtazama tena yeye. Kisha akasema alichoambiwa: kwamba alikuwa mlevi. Kwamba alimpiga mkewe kila siku. Kwamba pombe ndiyo iliyomwua, na sabuni ndiyo iliyomwokoa mjane.

Mtu ambaye hata soda humwishia utamu kabla hajamaliza chupa! Mtu ambaye mtoto akianguka, yeye ndiye analia! Hebungoja alihisi moto ukimpanda kutoka miguuni. Kumwua mume wake ilikuwa jambo moja. Kumwua kwa aibu ilikuwa jambo jingine.

Madamu alipatikana jioni ofisini mwake, nyumba ya pili kutoka ghalani, akipanga viti vya sherehe ya kuwaaga wageni kesho yake. Hakukana.

"Si wewe mwenyewe uliyesema kafa?" akauliza.

"Mimi?"

"Siku ile ya kwanza nilipowauliza habari za nyumbani. Ulisema, 'Mume wangu akishika sofa, huyo kafa.' Wote walisikia, mkacheka."

"Madamu! Ule si mzaha?"

"Najua ni mzaha." Madamu akakaa, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu aliyechoka. "Sikiliza, mdogo wangu. Unajua ni vikundi vingapi vinangoja wageni hawa? Wakija hapa wakakuta wanawake wenye afya, wenye waume wapole, wanatengeneza sabuni nzuri, watasema hongera, waende kwingine. Wanataka wakute mtu aliyeanguka."

"Tuna mjane hapa. Mjane wa kweli. Kwa nini usimseme Bi Cheko?"

"Nilimjaribu. Anacheka! Alianza kueleza mazishi ya mumewe, akafika pale jeneza lilipokataa kupita mlangoni, akacheka hadi wageni wa safari ile wakacheka. Wewe una uso wa mashaka, dada. Ukimtazama mtu tu anajua umeonewa." Kisha akaongeza kwa upole uliokuwa na makali ndani yake, "Kesho ukisema vingine, si mimi tu. Ni wenzako wanane."

Wenzake wanane walikuwa wameshaambiwa hivyohivyo. Jioni ile alipopita nyumba ya mmoja wao kuomba ushauri, alijibiwa akiwa bado kizingitini, "Mumeo yuko hai, si ndiyo? Basi unataka nini tena? Nyamaza." Bi Cheko peke yake ndiye aliyesema, "Fanya utakavyolala usingizi."

Nyumbani fundi alikula kimya. Hakuwa na misumari mdomoni safari hii. Mwishowe akauliza, "Walisema nilikufa na nini?"

Hebungoja angeweza kudanganya. Akamwambia.

Mume akaacha kula. "Na wewe ulikuwepo yanasemwa."

"Sikujua lugha."

"Kesho nakuja huko."

Akaja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ikasimama, akaketi mstari wa mbele. Madamu alipomwona alibadilika rangi, lakini hakukosa la kufanya: aliwaambia wageni maneno mawili, nao wakampungia fundi mkono kwa heshima. Mrefu akainama kwa Hebungoja na kunong'ona, "Amesema huyu ni kaka yako."

Ndipo Hebungoja aliposimama. Hakumtazama Madamu. Alimtazama Mrefu, akasema polepole, "Huyu si kaka yangu. Ni mume wangu. Hajafa. Hanywi. Hajanipiga hata siku moja. Tafadhali waambie wote."

Mrefu akainuka akawaambia. Mmoja wa wenzake wa kikundi akafunika uso. Wageni wakanong'onezana, tabasamu zimeshuka, wakawa wanamtazama Hebungoja, wanamtazama Madamu, wanamtazama fundi, kila mtu sasa anaonekana mwongo. Yule wa miwani akauliza swali kwa sauti kavu.

Mrefu akalitafsiri huku ameona haya. "Wanauliza, watajuaje kama huyu ni mume kweli? Labda umemleta mtu tu. Labda umegombana na mratibu."

Hebungoja alikuwa ameshuku watu tangu azaliwe, na hakuwahi kujiuliza aliyeshukiwa hujisafisha vipi. Bi Cheko akasimama kumtetea, "Mimi ndiye mjane hapa! Mume wangu ndiye aliyekufa!" na kwa bahati mbaya akacheka. Hawakumwamini naye.

Hapo fundi akainuka. Alikuwa amevumilia tangu jana. "Mimi nitathibitisha nini? Kwanza ufunguo wa karakana umeuweka wapi? Asubuhi nzima nimekaa nje kama mgeni!"

"Hebu ngoja. Nimeuweka mimi? Ulikuwa kwenye suruali ya kazi."

"Suruali umeifua!"

"Ningeiachaje, na ilikuwa inasimama yenyewe kwa gundi? Ungetoa vitu mfukoni, nimekwambia mara ngapi?"

"Sasa uko wapi?"

"Juu ya kabati, pale unapoweka kila kitu, usipotazama kamwe!"

Walikuwa wamesogeleana, kidole cha huyu hewani, mikono ya yule kiunoni, na hasira ya tangu jana yote imehamia kwenye ufunguo. Ugomvi ule haukuhitaji mkalimani. Mgeni mmoja wa nyuma alianza kucheka, wa pembeni akafuata, na yule wa miwani akatikisa kichwa akasema neno, na Mrefu akalitafsiri bila kuombwa: "Anasema, huyo ni mume."

Haikuishia kwenye kicheko. Wageni waliondoka siku hiyo bila kuahidi kitu, na wengine hawakuaga vizuri. Kundi jingine lililotarajiwa halikuja. Madamu alihamia mradi wa mji mwingine. Wanawake wawili wa kikundi hawakumsalimia Hebungoja kwa miezi. Walisema amekata tawi walilokalia wote, kwa ajili ya jina la mwanamume mmoja. Usiku mwingine naye aliwaona wana haki.

Kilichowabakiza ni sabuni. Bi Cheko alipewa kazi ya kutafuta wateja, na ikaonekana kwamba kicheko kilichowafukuza wafadhili kiliwavuta wenye hoteli na mabweni ya shule. Mrefu aliagiza sabuni mara mbili. Pamoja na mzigo wa pili aliomba aambiwe kama fundi ni mzima. Hebungoja alikaa na swali hilo siku nzima akilitafutia hila.

"Hebu ngoja," alimwambia mumewe. "Kwa nini anauliza?"

Fundi alikuwa anavuta ngozi ya kiti. Akatema misumari. "Mwambie ni mzima," akasema. "Halafu muulize na yeye. Mtu aliyekoroga sufuria ya wenyewe asubuhi nzima, na nyumbani kwake anaye nani?"

Akaandikiwa. Jibu lilichukua wiki kadhaa. Mrefu aliandika kwamba mume wake alifariki miaka mingi iliyopita, mtu mwema, fundi wa mabomba, na kwamba katika safari ile yote hakuna aliyemuuliza.

Hebungoja alilisoma mara mbili. Kisha akavua glovu, akaketi, akaanza kuandika pole, taratibu, akichagua maneno mepesi ambayo mtu anayejifunza lugha angeyaelewa.